Wajapani hawakuwatimua Wafaransa Vietnam mwaka 1940
Wengi hudhani Wajapani walipoingia Vietnam mwaka 1940 waliwafukuza wakoloni wa Kifaransa papo hapo. Sivyo. Gavana Mkuu Jean Decoux, mtiifu kwa serikali ya Vichy (serikali ya Ufaransa iliyoshirikiana na Ujerumani ya Hitler), alibaki ofisini. Polisi na watoza kodi wake waliendelea na kazi, huku jeshi la Japani likitumia viwanja vya ndege na kujichukulia mchele. Mkulima wa Tonkin, yaani kaskazini mwa Vietnam, akawa anakamuliwa na mabwana wawili kwa mpigo: auze mpunga kwa lazima, tena kwa bei ya kutupa, na kwingine ang'oe mazao ya chakula apande juti, mmea wa nyuzi za magunia. Njaa ya 1944 na 1945 iliua malaki ya watu, pengine zaidi ya milioni. Utawala wa Wafaransa ulipinduliwa na Wajapani tarehe 9 Machi 1945, miezi mitano tu kabla Japani yenyewe haijasalimu amri.