Programu haikuchorei katuni: mambo niliyochoka kuyasikia

"Ticha, nikipata laptopu kali si itakuwa inajaza yenyewe?" Nimeulizwa tena wiki hii, na kijana mwenye mkono mzuri kabisa anatoka Igoma hapa Mwanza, nikaona sasa basi, niandike mara moja ili akija mwingine nimtumie asome, mi niendelee na kazi.

Dhana yenyewe iko hivi: unachora pozi la mwanzo (mkao wa mhusika), unachora pozi la mwisho, programu inajaza katikati, umemaliza, unaenda kunywa chai. Ubaya wake ni nusu kweli, ndo maana haifi. Programu inajaza, ndiyo. Ila inajaza kijinga. Aidha inagawa umbali sawasawa kwa idadi ya fremu, yaani zile picha mojamoja zinazopita haraka, au inalainisha mwanzo na mwisho kwa kipimo kilekile, iwe tembo iwe inzi, haijali.

Chukua mpira, zoezi la kwanza la kila anayejifunza hii kazi. Mpira ukiuachia udondoke kwa sekunde 1 unashuka karibu mita 5. Haya, fremu ya 12 kati ya 24 za hiyo sekunde mpira uko wapi? Darasa zima linajibu katikati. Hapana bwana, umeshuka robo tu, kama mita 1.2, robo tatu zote zilizobaki zinaliwa na ile nusu sekunde ya mwisho. Kwa hiyo michoro ya juu inabanana mpaka inapandiana, ya chini inaachana mbali mbali. Ukiiachia programu igawe sawa, mpira unashuka kama lifti. Ukiiachia ilainishe pande zote mbili ndo balaa zaidi, mpira unapunguza mwendo ukikaribia chini, unatua taratibu, mpira gani huo jamani?

Hapo ndo watu wanachanganya muda na nafasi. Muda ni fremu ngapi tendo linachukua, nafasi ni kila mchoro umekaa umbali gani na mwenzake. Wanafunzi wawili wanaweza kuwa na pozi zilezile, fremu 24 zilezile, mmoja katoa jiwe mwingine katoa puto, na tofauti yao ni pale walipoweka michoro ya katikati, basi. Na hiyo michoro ya katikati ndo unataka kuiachia mashine.

Kama bado huniamini nenda Mwaloni, soko la samaki pale Kirumba, asubuhi, kaa pembeni usiwe njiani kwa watu, mwangalie mama aliyebeba beseni la dagaa kichwani. Ule mwendo wa pozi nne mnaonakili YouTube, mguu unagusa, mwili unashuka, miguu inapishana, mwili unapanda, ukimvalisha huyu mama kama ulivyo dagaa wote wako chini kabla hajafika kwenye gari. Beseni lake linakwenda karibu mstari mnyoofu. Shingo imekaza, magoti na nyonga ndo vinameza kule kupanda na kushuka, hatua ni fupi za haraka, mkono mmoja umeshika ukingo, ule mwingine unapepea kidogo ubavuni. Akisimama, mwili umeshasimama ila ncha ya kanga bado ina fremu kadhaa za kumalizia safari yake. Sasa programu itayajuaje hayo? Haijui hata kama ndani ya beseni kuna dagaa au pamba. Wewe ndo unajua, kama uliangalia.

Na hata zamani kwenye studio za kuchora kwa mkono mchoraji mkuu hakumwachia msaidizi wake abahatishe. Alikuwa anachora pozi kuu, afu pembeni ya karatasi anaweka chati, mstari una vijistari vidogo vinavyoonyesha kila mchoro wa katikati ukae wapi, huku vibanane, kule viachane. Huyo msaidizi ni binadamu, ana macho, anajua kuchora, na bado aliandikiwa. Wewe unaipa mashine pozi mbili unaenda zako kulala.

Kwenye kompyuta ile chati imekuwa grafu, mstari ukisimama wima kitu kinaenda kasi, ukilala kinaenda polepole. Vijana wengi wanaokuja kwangu wana mwaka mzima na Blender, programu ya kutengenezea katuni, na hawajawahi kufungua dirisha la hiyo grafu. Ndo maana mi nawalazimisha (wananuna sana) kuzima ulainishaji kabisa mwanzoni, pozi liruke kwenda pozi bila kitu katikati, mpaka kazi isomeke hivyohivyo ikiwa inarukaruka. Kama haisomeki hapo, kulainisha hakutaiokoa. Na wanaosema siku hizi AI itafanya, swali ni lilelile limebadili shati tu, usipojua mpira unatakiwa uanguke vipi utajuaje kama ulicholetewa ni kibovu?

Afu hiyo laptopu kali yenyewe. Programu zenyewe ni bure: Blender bure, Krita bure, OpenToonz bure tangu 2016. Flow, ile katuni ya Latvia iliyochukua Oscar 2025, imetengenezwa kwa Blender, na hakuna Blender ya Oscar na Blender ya Nyegezi, ni hiyohiyo moja, unachohitaji ni bando la kupakua. Kwa mazoezi ya mwezi wa kwanza hata simu inatosha, hata kona ya daftari unayopeperusha kwa kidole gumba inatosha.

Fremu nyingi ndo ubora? Hapana. Filamu ni fremu 24 kwa sekunde, lakini sehemu kubwa ya katuni za mkono mchoro mmoja unashikilia fremu mbili, yaani michoro 12 kwa sekunde, na kwenye katuni nyingi za televisheni za Japani ni 8 tu. Vitu vya kasi ndo unavichorea kila fremu. Ukiniletea kazi ya fremu 60 kwa sekunde ambayo haina uzito, umeniletea ubovu mwingi zaidi kwa sekunde.

"Mi sijui kuchora." Chora gunia la sembe lililojaa nusu, halina uso, halina mikono, lifanye lihuzunike afu liruke. Ukiweza hilo tuendelee, sura nzuri zitakuja.

Kuangalia video ya mtu halisi ni kuibia? Acheni hizo. Max Fleischer, mtengeneza katuni wa Marekani, aliomba hataza ya mtambo wa kuchora juu ya filamu mwaka 1915, na Disney kwenye Snow White ya 1937 walirekodi waigizaji wa kweli ili wachoraji wawaangalie. Ila ukifuatisha mstari kwa mstari kinatoka kitu kimekufa, chagua pozi zenye maana, zizidishe kidogo, zingine tupa. Na tafadhali waangalieni hawa korongo wetu wanaozurura kwenye majalala ya mji mzima, kile kiungo cha mguu kinachokunjika kwenda nyuma siyo goti, ni kifundo, goti liko juu limefichwa na manyoya. Kila mwaka nasahihisha hiki kitu.

Wale wa "nimemaliza kanuni zote 12" za uchoraji katuni, hongera, Frank Thomas na Ollie Johnston, wachoraji wa Disney, waliziweka kitabuni 1981 na kuzikariri ni kazi ya jioni moja. Mpira wako uko wapi?

La mwisho, wanaotaka kuanza na filamu ya dakika 20. Piga hesabu, dakika 20 mara sekunde 60 mara michoro 12, ni michoro 14,400, kwa mhusika mmoja tu, bado mandhari, bado rangi, bado midomo kuongea. Sekunde 5 ni michoro 60. Niletee hizo, mtu amechoka anakaa kwenye kiti, penseli tupu, rangi usiweke, na chati ya nafasi iwe pembeni niione.