Kona kubwa za historia zilikatwa na bei, sio na wafalme

Nafundisha historia kidato cha tano na cha sita, huu mwaka wa kumi na saba sasa, na kila nikipokea darasa jipya nawapa karatasi tupu nawaambia waniandikie matukio matano yaliyoigeuza dunia. Majibu nayajua kabla sijayasoma: Vita ya Kwanza, Vita ya Pili, Mapinduzi ya Ufaransa, mkutano wa Berlin, Columbus. Sio makosa yao, hayo ndo tunayowafundisha na mtihani ndo unayouliza. Ila miaka inavyoenda nazidi kuona tunawahesabia watoto nyumba zilizoungua bila kuwaambia moto ulitoka wapi. Mfalme anaanguka, mji unachomwa, mkataba unasainiwa, sawa, lakini ukirudi nyuma kidogo mara nyingi unakuta kuna kitu kilikuwa ghali, cha wakubwa tu, alafu kikashuka bei mpaka mtu wa kawaida akakishika mkononi. Hapo ndo dunia inakata kona, na mara nyingi hakuna anayestuka siku hiyo.

Ngoja nianze mbali.

Mwaka 1982 mzamiaji mmoja wa Uturuki, kazi yake kutafuta sponji baharini, alirudi juu akasema ameona huko chini biskuti za metali zenye masikio. Yalikuwa mabonge ya shaba, mzigo wa meli iliyozama, yamekaa chini ya maji pale Uluburun, pwani ya Uturuki, zaidi ya miaka 3,000. Ile meli ilizama kwenye mwaka 1300 KK hivi, na wanaakiolojia walivyomaliza kuitoa mizigo wakakuta kama tani 10 za shaba na kama tani 1 ya bati. Bati ninalosema hapa sio la kuezekea nyumba, ni madini yenyewe, yale yanayochimbwa Kyerwa kule Kagera na Kivu kule Kongo. Sasa angalia hiyo hesabu, kumi kwa moja, maana ndo mchanganyiko wenyewe wa bronzi: unayeyusha shaba, unatia bati kidogo, unapata kitu kigumu cha kutengeneza upanga, shoka, patasi. Yaani ile meli ilibeba jeshi zima ambalo lilikuwa bado halijafuliwa.

Shida ya bronzi ni bati. Shaba utaipata Cyprus, utaipata sehemu nyingi, ila bati ni adimu, lingine lilitoka mpaka Asia ya Kati. Kwa hiyo ukitaka silaha lazima uwe na pesa, uwe na meli, na uelewane na watu wa mbali, na mwenye uwezo huo alikuwa ni ikulu. Misri, Wahiti (dola kubwa kwenye Uturuki ya leo), Ugarit (mji wa bandari pwani ya Syria), wote waliishi kwa mnyororo huo, na kwenye miaka ya 1200 mpaka 1150 KK mnyororo ukakatika. Ugarit ikachomwa, kuna barua ya udongo ya mfalme wao inayosema meli za adui zimefika na miji yake inaungua, wakati majeshi yake na meli zake ziko mbali. Mji mkuu wa Wahiti ukaachwa mtupu. Ukame, njaa, wavamizi, matetemeko, mabingwa bado wanabishana kipi kilianza, na mimi nadhani vilikuja pamoja.

Kilichofuata ndo ninachotaka mkione. Chuma. Chuma cha mwanzo hakikuwa kigumu kuliko bronzi, hilo tunalikosea sana madarasani, sio kwamba waliamka wakakuta kitu bora. Ubora wake ni kwamba udongo wenye chuma upo karibu kila mahali. Ukishajua kuchoma tanuri vizuri, humhitaji mfalme, humhitaji mfanyabiashara wa Asia ya Kati, unahitaji mkaa, mivukuto na subira. Kwa mara ya kwanza mkulima akawa na shoka la chuma la kukata msitu na jembe la kufungua ardhi ngumu, na kijiji kikawa na mikuki kama ya serikali.

Na hapa kwetu hatukukaa pembeni tukisubiri. Miaka ya 1970 wazee wa Kihaya kule Kagera waliwajengea watafiti tanuri la chuma kama walivyoona likijengwa utotoni mwao, maana kazi yenyewe ilikuwa imeshakufa baada ya vyuma vya Ulaya kuingia kwa bei rahisi. Mabomba ya udongo yanayopeleka hewa waliyaingiza ndani kabisa ya tanuri, yasiishie ukutani, ili hewa ya mivukuto ipite kwenye moto na ifike katikati ikiwa imeshachemka. Joto likapanda sana. Na mabaki ya matanuri ya eneo hilo yana umri wa kama miaka 2,000. Jembe lililotoka kwenye kazi ya namna hiyo lilikuwa na thamani mpaka sehemu nyingi za bara watu walilipa mahari kwa majembe. Nikilisema hili darasani huwa kuna kimya flani, na kile kimya nakipenda sana.

Sasa karatasi. Hii ndo kona ninayoipenda kuliko zote na nikianza kuiongelea sinyamazi, mnivumilie.

Chukua maneno matatu ambayo mtoto wa darasa la kwanza anayajua: karatasi, kalamu, daftari. Yote tumeyapata kwa Waarabu, na Waarabu wenyewe asili yake waliipata kwa Wagiriki. Kalamu kwa Kigiriki ilikuwa ni tete, unyasi uliochongwa. Karatasi lilianzia kwenye yale mafunjo ya Misri ya kuandikia. Na daftari, hili linanigusa kila mara, asili yake ni neno la Kigiriki lenye maana ya ngozi ya mnyama. Daftari la shilingi mia tano dukani kwa Mangi, jina lake bado linakumbuka kwamba zamani kuandika ilikuwa ni kuchinja.

Na walichinja kwelikweli. Gutenberg, yule wa mashine ya kuchapa, alipochapa Biblia yake kule Mainz, Ujerumani, mwaka 1455 hivi, alichapa kama nakala 180, na zile chache alizochapa kwenye ngozi kila moja ilikula ngozi za ndama kama 170. Piga hesabu, zote 180 zingekuwa za ngozi tunaongelea ndama zaidi ya 30,000. Kwa hiyo kama robo tatu alizichapa kwenye karatasi. Watu wanasema mashine ya kuchapa iligeuza dunia, mimi nasema mashine ilikuta njia imeshalimwa, bila karatasi ya bei nafuu angechapa nini na juu ya nini.

Na karatasi hiyo ilitembea miaka zaidi ya elfu moja kumfikia. China ofisa wa ikulu anaitwa Cai Lun aliwasilisha kwa mfalme mwaka 105 BK namna ya kuitengeneza kwa magome ya miti, katani, matambara na nyavu chakavu za kuvulia samaki. Vipande vya zamani zaidi yake vimepatikana, kwa hiyo hakuwa wa kwanza kabisa, ila yeye ndo anakumbukwa kwa kuifanya iwe kazi ya kueleweka. Utasikia pia ile hadithi ya vita ya Talas, Asia ya Kati, mwaka 751, kwamba Waarabu waliteka mafundi wa Kichina wakawafundisha watu wa Samarkand, mji wa huko huko. Hadithi tamu, lakini karatasi ilishakuwa inatumiwa na wafanyabiashara wa Asia ya Kati karne kadhaa kabla, kuna barua zao za mwaka 313 hivi zimeandikwa kwenye karatasi hiyo hiyo. Vita inapewa sifa ambayo ni ya wachuuzi.

Kilichofanyika Baghdad ndo kikubwa. Kabla ya mwaka 800 walishakuwa na kinu cha karatasi, na ofisi za serikali ya Abbasia, yaani makhalifa waliotawala hapo, zikahamia kwenye karatasi kwa sababu ambayo mtu yeyote aliyewahi kushika nyaraka ataielewa: kwenye ngozi unaweza kukwangua wino ukaandika lingine juu, kwenye karatasi wino unazama, ukifuta inaonekana. Yaani ilipendwa na serikali kwa ajili ya kuzuia watu kuchezea nyaraka! Alafu ikawatoka serikalini ikaenda mtaani, pakawa na soko zima la wauza karatasi na wanakili vitabu, maduka zaidi ya 100. Hisabati za al-Khwarizmi, tafsiri za Wagiriki, unajimu, mapishi, mashairi, vyote vikanakiliwa kwa sababu kunakili kulikuwa hakuchinji tena mifugo. Kutoka hapo ikaenda Misri, Morocco, Hispania, Italia, kisha Ujerumani kwa Gutenberg, na mwaka 1517 mtawa Martin Luther akatoa hoja zake za kulikosoa kanisa na ndani ya wiki chache zinasomwa Ujerumani nzima.

Mwaka juzi nilifanya hii kitu na darasa langu. Tulichukua mitihani ya zamani, tukailoweka kwenye beseni siku mbili, tukatwanga kwenye kinu cha jikoni mpaka ikawa kama uji, tukaweka fremu ya mbao tukaibana na kipande cha chandarua kilichochakaa. Unazamisha fremu, unainyanyua taratibu ikiwa imelala sawa, maji yanachuruzika na uji unabaki juu ya chandarua kama ngozi ya maziwa. Ya kwanza ilichanika, ya pili ikachanika, ya tatu tukaikandamiza kwa tofali juu ya kitambaa tukaianika. Ilitoka nene, ya kijivu, imejaa vijichembe vya wino wa maswali ya zamani, ila ukiandika inashika. Binti mmoja akaishika juani akaniuliza, kwa hiyo mwalimu hii ndo ilikuwa inawashinda miaka yote? Swali hilo nimekaa nalo mpaka leo, maana kweli ukiangalia hapakuhitajika kitu chochote ambacho Warumi hawakuwa nacho.

Injini ya mvuke siirefushi, mnaijua. Fundi Mwingereza Newcomen 1712 anavuta maji kwenye mgodi wa makaa ya mawe, Watt wa Scotland anapata hataza ya injini iliyoboreshwa 1769, baadae viwanda vya nguo. Niseme tu kwamba kona hiyo ilifika Zanzibar kwa sura ya kitambaa. Ile nguo nyeupe ya pamba kutoka viwanda vya Massachusetts, Marekani, ambayo wazee waliiita merikani, ilikuwa rahisi mpaka ikageuka kuwa pesa ya misafara kwenda bara. Jina la nchi likawa jina la kitambaa.

Ya mwisho ni ile ambayo haimo kabisa kwenye yale majibu matano ya wanafunzi wangu, na mimi nadhani ndo kubwa kuliko zote za karne ya 20.

Mahindi, ngano, mpunga, vyote vinataka naitrojeni. Hewa unayovuta sasa hivi asilimia 78 ni naitrojeni, ila mmea hauwezi kuigusa, ni kama kuwa na kiu ukiwa baharini. Karne ya 19 Ulaya ilihangaika, ikachimba mavi ya ndege visiwa vya Peru, yalipopungua ikageukia chumvi ya jangwa la Chile, na Chile, Peru na Bolivia wakapigana vita kuanzia 1879 kwa sababu ya jangwa hilo. Mwaka 1898 mwanakemia Mwingereza, William Crookes, akasimama mbele ya wenzake akawaambia wazi kwamba ngano haitawatosha wasipojua kuitoa naitrojeni hewani.

Mwaka 1909 mwanakemia Mjerumani, Fritz Haber, akaiweza, Karlsruhe, akaiunganisha naitrojeni ya hewa na haidrojeni kwa presha kubwa na joto kali, amonia, ile inayotengenezewa mbolea, ikawa inadondoka matone. Ya maabara tu. Carl Bosch wa kampuni ya BASF ndo akapewa kazi ya kuigeuza iwe kiwanda, na mabomba yakawa yanapasuka kwa sababu haidrojeni inaingia ndani ya chuma na kukila. Akaweka bomba la chuma laini ndani ya la chuma kigumu, lile la nje likatobolewa vitundu gesi iliyopenya itoke. Mwaka 1913 kiwanda cha Oppau, Ujerumani, kikawaka. Mwaka uliofuata vita ikaanza, Waingereza wakafunga njia ya meli za Chile, na amonia ile ile ikawapa Wajerumani baruti ya kuendelea kupigana. Haber mwenyewe akasimamia gesi ya sumu iliyofunguliwa Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1918 akapewa yeye. Mimi huyu mtu nimeshindwa kumpa hukumu moja, na wanafunzi wakiniuliza nawaambia hivyo hivyo.

Mwaka 1900 dunia ilikuwa na watu kama bilioni 1.6, mwaka 2022 tumefika bilioni 8. Naitrojeni iliyomo kwenye mwili wako, kama nusu yake inakadiriwa imepita kwenye viwanda vya namna ile.

Mama yangu analima mahindi Njombe. Mfuko wa urea wa kilo 50 umeandikwa 46%, maana yake humo ndani kuna kilo 23 za naitrojeni iliyokamatwa hewani. Haijui Oppau, ila anajua kupima: mbolea ya kukuzia, kila shina kifuniko kimoja cha soda, sio pungufu sio zaidi, na anafukia kwa kisigino. Mwaka 2022 bei ya gesi asilia, inayotumika kutengeneza urea, ilipopanda na vita ya Ukraine ikaanza, bei ya urea duniani ikawa zaidi ya mara mbili ya ilivyokuwa mwanzoni mwa 2021. Msimu ule nilikuwa nyumbani likizo nikamkuta shambani ameinama na kile kifuniko, anakijaza nusu, anakitikisa kisawazike, anakigawa kwa mashina mawili.