Analogi pekee haitoshi kucheza gemu za PC ukiwa kwenye kochi

Wadau habari zenu, wengi wanaoniletea padi za kuchezea gemu kwa ajili ya ufundi hapa Arusha huwa wananiuliza, fundi mbona nikiunga PC kwenye TV nikakaa kwenye kochi gemu za kulenga zinanishinda, ila mezani na mausi niko vizuri tu? Mkono wako hauna shida. Shida ni analogi, kile kijiti cha kwenye padi unachokilaza kwa dole gumba.

Iko hivi, mausi ukiisogeza kidogo alama ya kulenga kwenye skrini inasogea kidogo, ukisimama nayo inasimama. Analogi yenyewe unaipa spidi: ukiilaza kidogo kamera inageuka polepole, ukiilaza yote inageuka fasta, na haikomi mpaka uiachie, kwa hiyo kila ukilenga unabaki kukadiria uachie saa ngapi. Ndo maana gemu nyingi za konsoli zinakusaidia kulenga kimyakimya, na zile za mikakati, za kuchagua wanajeshi kwa mausi, kwa analogi ni mateso matupu.

Valve, kampuni yenye Steam, ile programu ya kununulia na kuchezea gemu za PC, waliliona hili, wakaitangaza padi yao, Steam Controller, 2013, ikaingia sokoni Novemba 2015. Pale tulipozoea analogi ya kulia wakaweka tachipadi ya duara, kibao bapa cha kutelezesha kidole kama cha laptop, nyingine kushoto, analogi ikabaki moja. Sasa plastiki bapa haikwambii kidole kimeenda umbali gani, si ndio? Wakaweka vimota vya mtetemo vya pande zote mbili, ukitelezesha dole gumba unahisi vitiki vidogo vidogo, na ukiswaipu kwa nguvu alama inaendelea kubingirika kama mpira huku vitiki vikipungua mpaka inasimama, yaani unajua ilipofika kwa kidole kabla hata ya macho. Kwangu mimi hapa ndo penye ufundi wenyewe.

Halafu kuna jairo, kihisio cha mzunguko. Tachipadi inafanya mgeuko mkubwa, jairo inamalizia ule mdogo kwa kuinamisha viganja tu. Nyuma kuna batani mbili za vidole vya chini ili dole gumba lisibanduke kwenye kulenga.

Ilisitishwa 2019, za mwisho zikauzwa dola 5. Naamini kilichoiponza ni kuondoa analogi ya kulia, mtu anaishika, haoni alichozoea, anaiweka pembeni kabla hajaiseti. Steam Deck ya 2022, PC yao ya gemu ya kushika mkononi, imerudisha analogi mbili na tachipadi mbili zikabaki na jairo ipo, hivyo ndo ilitakiwa iwe toka mwanzo.

Kwako wewe huna haja ya kuagiza chochote. DualShock 4, padi ya PS4, ina jairo na tachipadi ndani, ila za kawaida za Xbox hazina jairo kwa hiyo usihangaike nazo kwa hili. Iunge kwa waya au bluututhi, ingia seti za kontrola kwenye Steam, ifanye jairo iwe mausi na iwake pale tu umeshikilia L2, batani ya juu kushoto, tachipadi nayo iwe mausi ya kwenye menyu. Geuka kwa analogi, malizia kwa jairo, na anza na spidi ndogo, siku za mwanzo utaona kama inakusumbua ila vumilia. Alama ikianza kutembea yenyewe ilaze padi mezani ufanye kalibresheni ya jairo, yaani kuipima upya ijue ikitulia iko vipi, mapajani haikubali maana inataka itulie kabisa.