Nasaba za virusi vya korona ndani ya popo, na kwa nini takwimu moja ya asilimia haitoshi

Tangu mwaka 2020 wengi wetu tumeizoea sentensi hii: kirusi fulani cha popo kinafanana na kile cha COVID-19 kwa asilimia 96. Takwimu yenyewe ni sahihi. Kirusi kinachoitwa RaTG13, kilichotokana na popo wa mkoa wa Yunnan, China, mwaka 2013, kinalingana na SARS-CoV-2, kirusi cha COVID-19, kwa takriban asilimia 96.2. Kinachopotosha ni namna inavyosomwa, kana kwamba hizo asilimia 4 zilizobaki ni hatua moja ya kuvuka kizingiti. Jenomu ya virusi hivi, yaani maagizo yao yote ya kurithi, ina nukleotidi (herufi za maagizo hayo) karibu 30,000, kwa hiyo tunazungumzia tofauti zaidi ya 1,100. SARS-CoV-2 ilipokuwa ikienea kwa watu ilijikusanyia mabadiliko kama mawili kwa mwezi. Gawanya tofauti hizo baina ya koo mbili na utaona kwamba zilitengana miongo kadhaa iliyopita.

Hata hesabu hiyo inachukulia kwamba jenomu nzima imerithiwa kutoka kwa mzazi mmoja. Kwa virusi vya korona, mara nyingi sivyo.

Virusi hivi hubadilika kwa njia mbili. Ya kwanza ni makosa ya kunakili. RNA, uzi unaobeba jenomu yao, ikinakiliwa, nukleotidi moja huwekwa mahali pa nyingine. Virusi vingi vya RNA havina namna ya kujisahihisha, lakini korona vina kimeng'enya cha kuhakiki, nsp14, kinachong'oa nukleotidi iliyokosewa. Ndiyo maana vinaweza kumudu jenomu ndefu kiasi hicho, zaidi ya mara mbili ya ile ya kirusi cha influenza, bila kuporomoka kwa wingi wa makosa.

Njia ya pili ndiyo yenye uzito zaidi ndani ya popo. Kimeng'enya kinachonakili RNA ya korona kimezoea kuruka: katika kazi yake ya kila siku hulazimika kuacha uzi sehemu moja na kuuendeleza mbele zaidi ili kutengeneza RNA fupi za protini mbalimbali. Seli moja ikiambukizwa na virusi viwili tofauti kwa wakati mmoja, kimeng'enya kinaweza kuanza na uzi wa kirusi kimoja na kumalizia na wa kingine. Kinachozaliwa hapo ni kirusi chenye vipande vya wazazi wawili. Sehemu inayohusika mara nyingi ni jeni ya protini ya mwiba, ambayo kirusi hutumia kushika kipokezi cha seli na kuingia. Kwa hiyo badiliko ambalo lingechukua miaka mingi, herufi moja moja, linaweza kutokea katika mruko mmoja.

Mfano mzuri uko hapa nyumbani Kenya. HCoV-NL63 ni mojawapo ya virusi vinavyosababisha mafua ya kawaida kwa watoto na watu wazima. Kilitambuliwa mwaka 2004 nchini Uholanzi. Sampuli za popo zilizokusanywa Kenya kati ya 2007 na 2010 zilionyesha jamaa zake wa karibu ndani ya popo wa jenasi Triaenops. Lakini sehemu kubwa ya jeni ya mwiba ya NL63 haifuati ukoo huo. Inafuata virusi vinavyofanana na 229E, kirusi kingine cha mafua ya binadamu, ambacho jamaa zake hukaa kwa popo wa jenasi Hipposideros. Ukichora mti wa nasaba kwa kutumia jeni ya kunakili (ile ya kimeng'enya kinachonakili RNA), NL63 inaangukia tawi moja. Ukiuchora kwa jeni ya mwiba, inahamia tawi lingine. Miti yote miwili ni sahihi. Na wala hakuna ajabu katika kukutana kwa virusi hivyo: mapango ya matumbawe ya pwani yetu, kuanzia Kwale hadi Watamu, huwahifadhi Triaenops, Hipposideros, Miniopterus na wengine chini ya paa moja, wakininginia karibu karibu.

Hapa ndipo uchunguzi wa maabara unapoweza kudanganya. Mbinu ya kawaida ya kutafuta korona ambayo haijulikani ni PCR, kipimo kinachozidisha kipande cha jeni hadi kionekane, ya mizunguko miwili inayolenga kipande kifupi cha jeni ya kunakili, mara nyingi nukleotidi 400 hivi. Kipande hicho huchaguliwa kwa sababu hakibadiliki sana, hivyo praima zilezile (vipande vifupi vinavyoanzisha unakili) hunasa virusi vya aina nyingi. Ubora huo ndio udhaifu wake. Hakisemi lolote kuhusu mwiba. Virusi viwili vinaweza kulingana karibu kabisa katika nukleotidi hizo 400 huku miiba yao ikishika vipokezi tofauti. Chukua tena jamaa za SARS-CoV-2: kirusi BANAL-52 kutoka Laos kinalingana nayo kwa asilimia 96.8, juu kidogo tu ya RaTG13, ilhali sehemu yake ya mwiba inayoshika kipokezi karibu ni ileile ya SARS-CoV-2, na ya RaTG13 iko mbali. Asilimia ya jumla haikuonyesha jambo hilo hata kidogo. Kwa maoni yetu, ripoti inayotaja asilimia bila kutaja ni ya kipande gani haijamaliza kazi yake.

Je, kundi la SARS, ambalo SARS-CoV-2 imo ndani yake, lipo Kenya? Lipo. Kirusi BtKY72 kilitokana na popo wa jenasi Rhinolophus, wale wenye ngozi ya pua iliyojikunja kama kiatu cha farasi. Sampuli ilichukuliwa mwaka 2007, jenomu kamili ikachapishwa 2019. Vipimo vya maabara vimeonyesha kwamba mwiba wake unaweza kushika kipokezi ACE2 (kile ambacho SARS-CoV-2 hutumia) cha popo, lakini haushiki kile cha binadamu bila kubadilishwa kwanza. Maana yake ni mbili. Kwanza, si kirusi cha COVID-19, wala mzazi wake. Pili, uwezo wa kutumia ACE2 ni wa kale katika kundi hili. Haukuzuka Asia juzi, kwa hiyo ufuatiliaji Afrika si anasa.

Popo walao matunda wanaolala kwenye miti ya Kileleshwa au Lang'ata ni habari nyingine. Popo wa kundi lao hubeba tawi jingine la betakorona (jenasi ya korona ambayo SARS pia imo), nobekovirusi, lililo mbali na SARS. Kusema tu kwamba "popo wana korona" ni sawa na kutosema kitu: Kenya ina zaidi ya spishi 100 za popo, na kila jenasi huelekea kuwa na virusi vyake.

Ndiyo maana utambuzi wa popo mwenyewe ni nusu ya kazi. Spishi kadhaa za Rhinolophus za Afrika Mashariki hufanana mno. Urefu wa mkono wa mbele kwa milimita na umbo la pua havitoshi. Huongezwa usomaji wa jeni ya popo iitwayo saitokromu b kutoka kipande kidogo cha ngozi ya bawa, na mifano iliyohifadhiwa makumbusho hutumika kulinganishia. Kukosea spishi ni kukiandikia kirusi mwenyeji asiye wake, na kosa hilo huzaa makosa mengine kwa miaka.

Sampuli nazo zina masharti yake. Kibali hutoka NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na kwa mamlaka za wanyamapori. Popo hunaswa kwa nyavu jioni, huwekwa mmoja mmoja kwenye mfuko safi wa pamba, na mshikaji huvaa glavu, ovaroli na barakoa ya N95. Barakoa humlinda mtu, lakini pia humlinda popo asiambukizwe na mtu. Usufi wa njia ya haja hutumbukizwa papo hapo kwenye kimiminika cha kuhifadhi, kisha kwenye naitrojeni ya maji, na hatimaye friza ya nyuzi −80. Mnyororo huo wa baridi ukikatika njiani RNA huvunjika, na matokeo husoma "hasi" bila kusema kwa nini. Kinyesi chenyewe kina kemikali zinazozuia PCR, hivyo kila sampuli huhitaji kipimo cha kudhibiti, kinachoonyesha kama PCR ilifanya kazi. Wakati nao una maana: maambukizi huwa mengi kwa popo wachanga wanapopoteza kinga waliyopewa na mama. Pango lililopimwa mara moja, nje ya msimu huo, halijathibitishwa kuwa salama.

Wapo wanaouliza kwa nini popo wasiuawe tu. Nchini Uganda, katika mgodi wa Kitaka, popo waliangamizwa baada ya mlipuko wa Marburg, homa hatari inayotokana na kirusi cha popo. Walipohamia wapya, kiwango cha maambukizi ya Marburg kati yao kilipatikana kikiwa juu kuliko awali. Popo wachanga na wageni wasio na kinga ndio wanaojaza nafasi iliyoachwa wazi.

Kwa aliye na popo darini Nairobi, mambo ni machache. Tazama machweo wanatokea tundu lipi; ufa wa sentimita mbili unatosha. Ning'iniza juu yake kipande cha wavu kinachowaruhusu kutoka bila kurudi, subiri wiki moja, kisha ziba. Usifanye hivyo wakati kuna vichanga wasioruka, la sivyo wataozea humo. Usifagie kinyesi kikavu, kwani vumbi lake linaweza pia kubeba kuvu ya histoplazimosisi, ugonjwa wa mapafu. Fungua madirisha, vaa barakoa na glavu, nyunyizia klorini (sehemu 1 ya dawa ya asilimia 3.5 kwa sehemu 6 za maji), ngoja dakika 10, kisha zoa kikiwa majimaji. Usichanganye klorini na sabuni ya choo yenye asidi.

Ukiumwa au kukwaruzwa na popo, korona si hofu ya kwanza. Popo wa Kenya wamepatikana na virusi vya jamii ya kichaa cha mbwa, kikiwemo kirusi cha Shimoni kilichotambuliwa kutoka kwa popo aliyepatikana mwaka 2009. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, nenda hospitali siku hiyohiyo, na umwambie daktari waziwazi kwamba ni popo aliyekuuma, hata kama alama haionekani vizuri.