Majani yakioza kwenye tangi la samaki, usikimbilie mbolea

Karibu kila wiki natumiwa picha ya jani. Limekuwa la njano, au limetobokatoboka, au limeota utando mweusi pembeni, na chini ya picha swali ni lilelile: "Fundi, niweke mbolea gani?" Mimi huomba picha ya pili, ya tangi zima, nione taa iko wapi na mizizi iko wapi. Kwa miaka niliyotunza matangi ya mimea hapa Dar es Salaam, haya ya sebuleni ya lita 30 hadi 60, nimeona mimea mingi ikifa kwa sababu ya haraka ya mwenyewe. Iliyokufa kwa njaa ni michache.

Mama mmoja wa Tabata aliniita nyumbani kwake. Tangi la lita 40, samaki wana afya, ila Anubias zake tatu, mmea wa majini unaopendwa kwenye matangi, zilikuwa zinadondosha majani kila siku. Alikuwa amezipanda kama mtu anavyopanda mchicha: shimo, mmea, changarawe juu, kisha akakandamiza. Alipoona jani la kwanza limelegea akatia mbolea ya maji, na wiki hiyohiyo akatia tena.

Niling'oa mmoja. Anubias ina kishina kinene kinacholala, kinafanana kabisa na tangawizi, ndicho wataalamu wanachokiita rizomu. Kikiwa kizima ni kigumu na ukikikata ndani ni kijani au cheupe. Hiki nilipokibonyeza kidole kilizama, na kilinuka mtaro. Nikachukua wembe nikakata kipande baada ya kipande mpaka nikafika penye nyama ngumu. Kilichobaki ni urefu wa kidole gumba na majani mawili. Nikakifunga juu ya jiwe kwa uzi wa kushonea, nikaliweka jiwe juu ya changarawe, basi.

Anubias ni mmea wa Afrika Magharibi na Kati. Kule Kameruni na Gaboni huota kando ya vijito vya msituni, imeshika mawe na magogo, mara ndani ya maji, mara nje, kadiri kijito kinavyojaa na kupungua. Mizizi yake haidhuriki ikiingia kwenye changarawe, lakini rizomu lazima ipitiwe na maji. Ukiifukia inaoza, na hakuna mbolea ya kuzuia hilo.

Kuna jambo la pili ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Mimea mingi ya akwariamu hukuzwa shambani majani yakiwa hewani na mizizi ikiwa kwenye unyevu, kwa sababu hivyo hukua haraka na haishikwi na mwani, ule utando wa kijani wa majini. Jani la hewani lina ngozi ya nta na vitundu vya kupumulia. Ukilizamisha, vyote hivyo havina kazi tena. Jani la majini huwa jembamba na hufyonza hewa ya ukaa kupitia ngozi yake yenyewe. Kwa hiyo mmea huyaacha majani ya zamani na kuanza kutengeneza mengine. Cryptocoryne, mmea mwingine wa matangi, ndiyo inayotisha zaidi, inaweza kuyeyusha majani yote ndani ya wiki moja mpaka ukadhani imekwisha. Iache palepale. Ondoa uchafu ulioyeyuka, usiing'oe, mara nyingi baada ya wiki tatu au nne utaona ncha zinachomoza kutoka kwenye mizizi uliyotaka kuitupa. Kila unapoihamisha unairudisha mwanzo.

Sasa mwanga, maana hapa ndipo naona fedha nyingi zikipotea. Watu hununua taa kali na kuiwasha tangu asubuhi hadi usiku wa manane. Lakini hewa ya ukaa husambaa ndani ya maji polepole mno, karibu mara 10,000 polepole kuliko hewani. Katika tangi lisilo na mtungi wa gesi hiyo, mmea unakwama mapema, na mwanga uliobaki unachukuliwa na mwani. Anza na saa 6 kwa siku, kwa taima, siyo kwa kukumbuka. Tangi lisikae dirishani; jua letu linageuza maji kuwa ya kijani kwa siku chache, tena linayapasha moto.

Mmea ukishatulia ndipo njaa inaweza kusomeka. Angalia ni majani yapi yameanza. Nitrojeni na potasiamu mmea unaweza kuzihamisha, kwa hiyo ukipungukiwa unayanyonya majani ya zamani: yakiwa ya njano mazima, fikiria nitrojeni, yakitoboka vitundu vyenye kingo za njano, fikiria potasiamu. Madini ya chuma hayahamishiki kirahisi. Yakikosekana, majani machanga ndiyo yanayopauka huku mishipa ikibaki kijani. Tangi lenye samaki wa kutosha kwa kawaida halikosi nitrojeni, kinyesi chao kinatosha. Kwa hiyo usinunue chupa kabla hujajua jani gani linalalamika.

Changarawe na mchanga vipimeni kwa siki kabla ya kuvitumia. Mchanga wa ufukweni una vipande vya kombe na matumbawe. Ukidondoshea siki unatoa povu, maana yake una chokaa, nao utayafanya maji kuwa magumu siku hadi siku. Mchanga wa mto uliooshwa mpaka maji yatoke meupe ni bora zaidi.

Na maji yakipungua kwa joto, kuongeza tu si kubadilisha. Kinachopaa ni maji, chumvi inabaki. Wenye visima vya maji ya chumvichumvi hapa mjini wanajikuta na tangi linalozidi kuwa na chumvi mwezi hadi mwezi bila wao kujua. Toa robo ya maji kila wiki, rudisha mapya, na kama kisima chako kina chumvi changanya na maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi. Ya bomba yaache kwenye ndoo wazi usiku mzima klorini itoke.

Yule mama wa Tabata alinitumia picha baada ya miezi miwili. Kwenye ncha ya kile kipande kulikuwa na jani dogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, limejikunja, kijani cha maembe mabichi. Akauliza kama sasa aukate ule uzi. Nikamwomba auache kwanza, kwa sababu kwenye picha mizizi ilikuwa bado inaning'inia, haijalishika jiwe.