Kupunguza Madhara Si Kuthibitisha Usalama

Wengi huamini kwamba, kwa kuwa mamlaka za afya za Uingereza huwashauri wavutaji wahamie sigara za kielektroniki, basi zimezithibitisha kuwa salama. Ushauri huo humlenga mtu mzima ambaye tayari anavuta tumbaku: kifaa hicho hakichomi majani, hivyo hakitoi lami wala kaboni monoksidi, vitu viwili vyenye madhara makubwa katika moshi wa sigara. Nikotini, inayojenga uraibu, hubaki. Asiyevuta, hasa kijana, huambiwa asianze kabisa, na hilo ndilo linalosahaulika mno. Msomaji na atazame pakiti yenyewe, kwani sheria ya huko hudai onyo la uraibu, huzuia nikotini kuzidi miligramu 20 kwa kila mililita ya kimiminika cha kifaa hicho, na hukataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18.