Walinzi wa kukodi vitani: yanayosemwa Kirumba na yalivyo

Pale kijiweni Kirumba, Mwanza, karibu na soko la samaki la Mwaloni, kahawa haijapoa mtu ameshahukumu: walinzi wa kampuni wanaobeba bunduki vitani ni mamluki, basi. Sivyo. Itifaki ya Kwanza ya mwaka 1977, nyongeza ya Mikataba ya Geneva inayoweka sheria za vita, imeweka masharti sita ya mtu kuitwa mamluki, na lazima yote yamkute mtu huyo huyo. Raia wa nchi inayopigana hahesabiwi. Mmarekani aliyelinda maofisa wa Marekani kule Iraki hakuwa mamluki kisheria, hata kama jina hilo linatamkika vizuri.

Dhana nzito zaidi ni kwamba hawagusiki. Ina chanzo chake. Mwaka 2004 utawala wa muda uliowekwa na Marekani uliwakinga, kwa Amri Na. 17, wasishtakiwe katika mahakama za Iraki kwa waliyofanya kazini. Tarehe 16 Septemba 2007 walinzi wa kampuni ya Kimarekani ya Blackwater, waliokodiwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, walifyatua risasi kwenye uwanja wa Nisour, Baghdad, wakaua raia 17. Kesi ikaenda Washington. Ikafutwa mwishoni mwa 2009, ikafufuliwa 2011, na mwaka 2014 wanne wakatiwa hatiani. Desemba 2020 Rais Trump akawasamehe wote wanne. Sheria ilikuwepo, ila mwenye mbwa ndiye aliyesikiliza kesi ya aliyeng'atwa.

Waraka wa Montreux wa 2008, unaohusu kampuni hizi za ulinzi vitani na ambao wengine huuita mkataba, haumfungi yeyote. Unakumbusha wajibu uliopo tayari: wa nchi inayokodi, nchi ya kazi na nchi ya kampuni.

Halafu kuna ile picha ya Mzungu mwenye miwani myeusi. Kwenye mageti ya kambi za Wamarekani Iraki walisimama maelfu ya Waganda, majirani zetu wa ng'ambo ya ziwa, kwa mshahara mdogo sana kando ya ule wa Mmarekani. Hapo usimamizi ndipo unapopotea, maana kampuni hukodi kampuni nyingine, nayo hutumia wakala. Mlinzi akidhulumiwa, amshike nani?

Juzi kijana anayepakia dagaa aliniuliza kama kazi hizo zinalipa. Nikamwuliza kama mkataba unasema kesi isikilizwe nchi gani. Alikuwa ameonyeshwa mshahara tu.